Mashine ya Baba Yvonne

Wakio ndiye aliyeanza. Alikuwa anaanika nguo, vibanio vimemjaa mdomoni, na maneno yakawa yanapenya katikati ya vibanio.

"Mama Muli, wewe unajua Baba Yvonne anatuona?"

"Anatuona wapi?"

"Kwa simu. Ile mashine yake. Jana nimepita mlangoni pake nikamsalimia, akaniambia, ati Wakio, simu yako naiona hapa. Nikachungulia. Haki ya Mungu, jina langu limeandikwa kwa kioo! Na lako liko. Ametupanga kama mbuzi wa mnada."

Mutheu akacheka. Alikuwa amemfunga Muli mgongoni, na mtoto akaruka kidogo kwa kile kicheko.

"Cheka tu. Mwanamume mzima anashinda na waya kutoka asubuhi, unadhani anatazama nini? Mimi picha zangu ni za kanisa. Azitazame mpaka achoke. Wewe ndiye mwenye bwana wa mbali."

Hapo kicheko kilimwisha Mutheu. Mumewe Kiema alikuwa anachunga ng'ombe wa watu huko ranchi ya Ndara, na alikuwa anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa ananuka moshi na maziwa. Katikati ya mwezi walikuwa na simu tu. Na ndani ya simu ya Mutheu kulikuwa na picha ambazo alijipiga mwenyewe mbele ya kioo cha kabati, amejifunga leso moja, akamtumia Kiema, akazisahau huko. Sasa zikamrudia zote kichwani, moja moja, na katika kila moja akamwona Baba Yvonne ameinama na miwani yake iliyofungwa uzi.

Alimaliza kuanua nepi za mtoto, akaingia ndani.

Plot yao ya Nzomo iko Sofia, hapa Voi, vyumba vimetazamana na ua katikati. Nzomo, mwenye nyumba, anaishi Bomeni kule Taveta, anakuja kwa nadra. Alipoweka waifai ya wapangaji, boksi yake iliwekwa chumbani kwa Mutheu, kwa sababu ukuta wake ndio uliopakana na mlingoti wa mtandao. Kwa hiyo Mutheu, ambaye aliachia shule darasa la nane, ndiye alikuwa mlinzi wa mtandao wa plot nzima. Kazi yenyewe ilikuwa kuizima boksi na kuiwasha tena watu wakilalamika, na kumzuia Muli asiitafune.

Siku ile ile alimpigia Muinde, kijana aliyeifunga. Muinde alifika na pikipiki, hata kofia ya chuma hakuivua.

"Unataka nini haswa, Mama Muli?"

"Nataka simu moja isione nyingine. Inawezekana?"

"Rahisi sana hiyo." Akabonyeza simu yake, akaweka alama mahali, taa za boksi zikazimika na kuwaka. "Haya. Kila mtu anapata mtandao, lakini hakuna anayemwona mwenzake. Ni kama nimejenga ukuta kati ya kila chumba. Nani anawasumbua?"

"Hakuna mtu," Mutheu akasema.

Alilala vizuri usiku ule.

Baba Yvonne jina lake ni Wabwire. Alitoka kwao Samia akiwa kijana asiye na ndevu, akaletwa Voi na reli, ile reli ya zamani. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya njia akitengeneza simu za stesheni na waya za ishara, juani, peke yake, na tembo wakati mwingine wamesimama pale anapotaka kupita. Kazi ilipokwisha, wenzake wengi walirudi bara. Yeye alibaki, kwa sababu alikuwa ameshazoea vumbi jekundu na kwa sababu mkewe Nasambu alikuwa na kibanda cha samaki wa kukaanga kinachokwenda vizuri. Akakaa barazani karibu na soko akitengeneza redio na pasi. Redio zilipopungua, akaanza kuokota kompyuta za kutupwa za ofisi. Kutokana na kompyuta tatu au nne zilizokufa alipata moja iliyo hai.

Hiyo ndiyo mashine yenyewe. Haikuwa hata na sanduku. Matumbo yake yalikuwa yamegongomelewa juu ya ubao kando ya kitanda chake, yameunganishwa na betri ya gari kwa sababu ya stima kupotea. Ukiisogeza kidogo inazima, na ikizima inaweza kununa siku nzima. Ndani yake alikuwa ameweka nyimbo za kwaya yao na picha za watu wao wa bara. Mwezi uliopita tu aliwaita majirani, akawaambia waandike namba fulani zenye nukta kwenye simu zao, na kweli nyimbo zikafunguka kwa kila mtu, bila bando. Mutheu alimbembeleza Muli kwa nyimbo zile. Hakuelewa Kiluhya, lakini sauti za wale kina mama zilikuwa nzito na nzuri.

Ukuta wa Muinde ulikuwa bado mpya wakati habari ilipoletwa kwamba mama yake Nasambu amefariki, huko Kimilili.

Nasambu alilia kwa sauti moja ndefu iliyosikika ua mzima. Hakuweza kusafiri. Mguu wake una vyuma tangu alipoanguka, na safari ya Kimilili kutoka Voi ni mchana na usiku umekunja goti. Binti yao Yvonne, anayefanya kazi Eldoret, ndiye angewakilisha. Maziko yalikuwa Jumamosi.

Jioni ile Baba Yvonne alikuja mlangoni kwa Mutheu. Hakuingia. Alisimama nje amevua kofia.

"Mama Muli, nina shida na nyumba yako."

"Nyumba yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Nataka Mama Yvonne aone maziko ya mamake. Yvonne atakuwa anarekodi vipande vifupi na kuvituma kwa mashine. Mashine itavipanga, halafu kila mtu aliye hapa uani atafungua kwa simu yake, polepole, bila kukatika. Unakumbuka yale maziko ya ndugu yake jirani yetu Oloo, walivyopigiana video?"

Mutheu alikumbuka. Watu wote walikuwa wameizunguka simu moja, na picha ikaganda hapo hapo jeneza linapoteremshwa. Walililia kwapa la mtu lililobaki kwenye kioo.

"Si atazame tu kwa mashine yako?"

Mzee aliangalia kofia yake. "Mashine iko kando ya kitanda changu. Na huyu ni mama mkwe. Kwetu, mama, mkwe hatazamwi. Tangu nioe, akija kwetu nilikuwa natoka kwa mlango mwingine. Hatujawahi kula chumba kimoja, wala sijamwangalia usoni. Uso wake haujawahi kuingia chumba ninacholala, hauwezi kuingia sasa. Nitafunika kioo na shuka, nitaiacha ifanye kazi yake. Lakini Mama Yvonne atazamie mahali pengine. Kwako ndiko karibu, hakuna ngazi ya kumsumbua mguu. Na simu yake ilivyopasuka, nilikuwa nataka atumie yako."

"Karibuni sana," Mutheu akasema, na akamaanisha. Alimpenda Nasambu. Muli alipozaliwa, Nasambu ndiye aliyemletea uji wa wimbi kila asubuhi mpaka maziwa yakatoka.

"Basi tujaribu," mzee akasema. Akamtajia namba, Mutheu akaandika. Kioo kikazunguka, kikazunguka, kikaandika kwamba ukurasa haupatikani.

"Rudia. Labda umeruka nukta."

Akarudia. Haukupatikana.

Kesho yake ilikuwa kazi hiyo. Baba Yvonne hakwenda sokoni. Alikuwa anatoka chumbani kwake, anavuka ua, anasimama mlangoni: "Hebu fungua sasa." Anarudi. Anatoka tena. "Na sasa?" Kwenye mashine yenyewe ukurasa ulifunguka vizuri, na juu yake alikuwa ameandika *Karibuni tumsindikize Mama*. Nje ya mashine, haukuwepo. Alidhani namba imebadilika, kwa sababu boksi wakati mwingine hugawa namba upya. Akaikagua, ilikuwa ile ile. Akadhani mashine yenyewe ina mlinzi ndani anayewafukuza wageni. Akamwondoa mlinzi. Hakuna kitu. Akajaribu simu yake mwenyewe, akaenda nayo mpaka akagusana na ubao. Simu na mashine zilikuwa zimekaa bega kwa bega na hazijuani.

"Huu ni ushetani wa aina gani," alisema, lakini kwa upole, kama anayezungumza na mbuzi aliyegoma.

Mutheu alikuwa anamenya viazi. Maneno ya Muinde yalimjia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. *Hakuna anayemwona mwenzake.* Kisu kikasimama mkononi. Alijua. Alijua pale pale, na akaendelea kumenya.

Mchana mzee alirudi, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Mama Muli, nikuulize. Mwezi uliopita ilikuwa inafunguka, sindio? Basi kuna kitu kimebadilika. Kuna mtu amegusa boksi?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini akilisema, angeulizwa kwa nini, na sababu yenyewe ilikuwa ni Wakio, ni leso moja, ni yeye kumwazia mzee huyu, aliyesimama hapa amevua kofia, kwamba anachungulia wake za watu. Akaangalia chini. Muli alikuwa amekaa sakafuni na ganda la kiazi mdomoni.

"Hapana," akasema. "Labda huyu mtoto alivuta waya."

Baba Yvonne aliinama mpaka akalingana na Muli. "Kumbe ni wewe! Fundi mwenzangu! Ulikuwa unarekebisha nini?" Muli akamchekea na meno yake mawili. Mzee akamshika kidole, akamtikisa mkono kama mtu mzima, akaomba ruhusa, akaingia na kukagua kila waya wa boksi, akauchomoa na kuurudisha, akiwa amepiga magoti kwenye kapeti la Mutheu.

Mutheu alisimama na kuangalia nyayo za soksi za mzee. Zilikuwa zimetoboka, na mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mshono mzuri wa mtu mwenye subira. Na yeye alikuwa amemsingizia mtoto wake mwenyewe, ambaye hata kusema hajui. Uso wote ulimwaka mpaka masikioni.

Alijaribu kutafuta njia ya pembeni. Akampigia Muinde kwa siri nyuma ya choo, amwambie aufungue ule ukuta huko huko aliko. Simu haikuita. Alikuwa Chala, watu wakamwambia, anafunga mtandao kwenye mashamba, na kule simu hushika mtandao wa Tanzania au haishiki kabisa. Akamwendea Wakio.

"Wakio, ule ukuta ndio unamzuia Baba Yvonne. Twende tumwambie."

"Twende na nani? Mimi nilikuambia uite fundi?" Wakio alikuwa anachambua mchicha, hakuinua macho. "Mimi nilisema tu nilichoona. Wewe ndiye mwenye boksi."

Na ilikuwa kweli.

Ijumaa alimsikia mzee akiongea na mkewe, ukuta wa mabati hauna siri.

"Mama Yvonne, nimeshindwa. Kichwa kimezeeka."

"Si ulisema itafunguka?"

"Nilisema."

"Umewaambia watu wa kwaya?"

"Nimewaambia."

Sauti ya Nasambu ikaja imechoka: "Basi nitaambiwa tu na Yvonne. Watu wengi huambiwa tu."

Mutheu alimgeuza Muli titi la pili, na machozi yakamdondokea mtoto kwenye shavu, naye akaendelea kunyonya bila kujali.

Jumamosi watu walikuja. Ooko wa stesheni, Namalwa wa kwaya na kina mama wenzake, wazee wa mashamba ya mkonge waliovaa makoti licha ya lile joto. Walikaa kwenye viti vya plastiki vya kanisa, kila mmoja na simu yake mkononi. Wakio naye alitokea na birika kubwa la chai, amejifunga leso kiunoni kama mwenye msiba. Nasambu alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha Mutheu, ndani, mguu umenyooshwa juu ya mto.

Baba Yvonne alisimama katikati ya ua. Alikuwa amevaa tai. Alijikohoza.

"Ndugu zangu, niliwaita mje muone. Nimejaribu kila ninachokijua. Sijui kosa langu liko wapi. Naomba mnisamehe."

"Si useme tu mashine imekushinda, shemeji," Ooko akasema, akitaka kuwachekesha watu. "Mtu aliyetengeneza simu za mzungu!"

Wengine wakacheka kidogo. Mzee naye akajaribu kucheka. Mutheu aliuona ule mdomo wake ukijaribu, na hakuweza tena. Alimkabidhi Namalwa mtoto, akavuka ua mbele ya watu wote, akamshika mzee kiwiko, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Baba, njoo."

Alimpeleka nyuma ya chumba, penye matanki ya maji, akamwambia. Alimwambia vibaya, kwa kurudirudi, akianzia katikati. Kwamba alimwita Muinde. Kwamba kuna ukuta. Kwamba Muli hakuvuta waya wowote.

"Kwa nini, mama?"

"Tulidhani unaona ndani ya simu zetu. Picha zetu."

Wabwire alivua miwani akaifuta na ncha ya tai, akaivaa, na haikuwa safi kuliko mwanzo. Hakumwangalia. Mutheu alikuwa amejiandaa kufokewa. Alichokiona ni shingo ya mzee ikiinama, na mikono yake ikijificha mifukoni kama iliyokamatwa.

"Ni majina tu," akasema hatimaye. "Mashine huonyesha majina ya simu. Ndani haioni. Nilimwonyesha Wakio nikidhani atafurahi. Mmekaa na hilo muda huu wote? Mama Yvonne anajua?"

"Hajui."

"Asijue."

"Nisamehe, Baba. Haki nisamehe."

"Paswadi ya boksi iko chini yake, kwa karatasi nyeupe. Nenda unisomee."

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa huku simu ya Mutheu ikiwa mkononi mwake, ameishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kana kwamba inaweza kumchafua au yeye kuichafua. Alimwonyesha kila anachobonyeza. "Unaona? Nimeingia kwa boksi, si kwa vitu vyako. Tazama." Mutheu hakutaka kutazama, alitaka ardhi ipasuke, lakini mzee alikataa kuendelea mpaka atazame. Wakapata ile alama. Akamwambia aiondoe yeye mwenyewe. Mutheu akaibonyeza, na ndani ya nyumba taa za boksi zikazimika.

Walisubiri. Uani Namalwa alikuwa ameanzisha wimbo, na wengine wakauitikia kwa chini.

Taa zikarudi. Mutheu aliandika zile namba zenye nukta, sasa alikuwa anazijua kwa moyo. Kioo kikazunguka mara moja tu. *Karibuni tumsindikize Mama.* Chini yake kulikuwa na kipande cha kwanza cha Yvonne: boma la kijani kibichi, hema, watu wengi, ukungu.

"Imefunguka!" Ooko akapiga kelele uani, maana naye alikuwa hajaacha kujaribu. "Imefunguka jameni!" Viti vikasukumwa, vichwa vikakutana juu ya simu. "Leta chai, Wakio," mtu akasema, na Wakio, ambaye alikuwa ameona kiwiko kile kikishikwa na kujua kinachosemwa nyuma ya matanki, alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kikombe na kumwagikia mchanga.

Baba Yvonne alikuwa ameshasimama. Alimrudishia Mutheu simu haraka, kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani, kwa sababu kipande cha pili kilikuwa kinafika na kwenye kipande hicho watu walikuwa wanabeba kitu kutoka ndani ya nyumba.

"Chukua, chukua. Mpelekee."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi natoka nje ya geti. Nitakaa huko barabarani mpaka waimbe wimbo wa mwisho." Alipiga hatua mbili akielekea getini, akasimama, bado amempa mgongo. "Mama Muli."

"Naam."

"Mkwe hupeleka blanketi la kumfunika mama. Langu Yvonne alininunulia akaenda nalo, la kijani, lina maua pembeni. Kule wakwe ni wengi, wenye uwezo, na sijui kama wamelitumia langu au wameliweka kando. Siwezi kumuuliza Mama Yvonne jambo kama hilo leo. Wala kutazama siwezi." Alivua kofia, akaishika kifuani. "Kaa karibu naye, umshike mkono wakifungua jeneza. Na ukiwa hapo, unitazamie."